Kiti cha Plastiki Juu ya Mwamba

Siku yangu ya mwisho kazini nilirudisha vitu vya kampuni kwa mtunza stoo. Laptopu moja, simu nne za kupimia, kofia ngumu mbili, mkanda wa kupandia mlingoti, na rundo la funguo za vyumba vya mitambo, nyingine sikumbuki hata zilifungua milango gani. Alitia alama kwenye orodha yake. Tulipofika kwenye kioo kidogo cha kunyolea, chenye fremu nyekundu ya plastiki, alikigeuzageuza, akasema hakimo kwenye orodha, nirudi nacho nyumbani. Sasa kiko hapa mezani, nyumbani kwangu kijijini Tulia, kando ya kikombe cha chai iliyopoa.

Nyinyi mnaobaki kazini mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na barua zake sijui niliziweka wapi. Maneno matamu pia msiyategemee. Nimechoka, na uchovu wenyewe si wa magoti peke yake.

Vijijini waliniita Injinia. Sikuwahi kuwa injinia. Nilikuwa fundi wa kupima netiweki, yaani mtu anayetumwa kuangalia simu inashika wapi na haishiki wapi, ili wakubwa walioko Nairobi waamue mlingoti unaofuata usimamishwe wapi. Kwa miaka ishirini na sita nilizunguka Kitui na Makueni nikitazama namba ndogo kwenye kioo cha simu. Mume wangu aliwahi kuwaambia wageni kwamba mke wake hulipwa kutafuta kitu ambacho hakionekani, na hata akikipata hawezi kukileta nyumbani. Alikuwa sahihi. Kwetu hapa netiweki ilikuwa mbovu mpaka juzi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mutinda, fundi mkongwe, mtu mfupi aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kilima kimoja juu ya Mbumbuni. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini. Aliviangalia, akanipa mfuko wa saruji wa kilo hamsini nisaidiane na punda. Punda alikataa kwenda mbele tukiwa nusu ya njia. Mimi sikuthubutu.

Kioo hiki cha kunyolea kilikuwa chake. Milingoti huzungumza kwa kuonana, na kilima kikikaa katikati basi hamna mazungumzo. Kwa hivyo, kabla ya kujenga, mmoja wetu alipanda kilima hiki na mwenzake kilima kile, na saa mliyopatana anayeshika kioo anakiyumbisha polepole kupiga mwanga wa jua upande wa mwenzake, naye anatazama kwa darubini. Ukiuona mwanga, njia ni safi. Usipouona, labda kilima kimeziba, labda wingu limepita, labda Mutinda amelala. Hatukuwa na netiweki ya kuulizana, na jambo hilo lilimchekesha Mutinda kila mara.

Alinifundisha mengine pia. Kwamba kabla ya kufungua chumba cha mitambo unapiga mlango teke na kusubiri, kwa sababu nyuki wanapenda sana joto la betri. Kwamba mwenye shamba huulizwa habari za mifugo kwanza, mlingoti baadaye. Na neno moja alilolirudia mpaka nikaacha kulisikia: "Ukionyeshwa mahali, shukuru. Halafu tembea, upime kwingine."

Mutinda alistaafu nikiwa na miaka sita kazini. Aliniachia kioo na sweta moja. Sweta sikulivaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Kusini ya Ikutha kuna kijiji tukiite Kwa Ngindu. Kuna soko dogo, makanisa mawili, mto wa mchanga unaokata barabara mvua ikinyesha, na dispensari yenye vyumba vitatu. Nilifika huko mara ya kwanza mwaka uliofuata baada ya Mutinda kuondoka. Nilikuwa na vijiji kumi na kimoja vya kumaliza wiki ile na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Nesi wa dispensari, Sista Mwende, alinipokea yeye mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Karibu mwaitu," akasema, yaani mama kwa Kikamba. "Wewe ndio wa kutuletea busta, mlingoti wa simu?"

"Mimi ni wa kupima tu, Sista."

"Basi pima vizuri. Huku chini hakuna kitu. Tunapanda juu kwa mwamba. Mgonjwa akizidiwa, ni mimi hupanda kuita ambulansi. Dakika arobaini kama una miguu. Twende nikuonyeshe."

Tulipanda na watu kama kumi na tano. Nilipofika juu nikihema, nilikuta kiti cheupe cha plastiki kimewekwa katikati ya mwamba, kikitazama upande wa bonde. Kuna mtu alikuwa amekibeba kichwani akatutangulia.

"Keti hapo," mzee mmoja wa kanisa akaniambia. "Hapo ndio inashika sawasawa. Ukisonga huku inapotea, ukisonga kule inapotea. Sisi huongea tukisimama, lakini mgeni hawezi simama."

Niliketi. Mtoto wa nani sijui aliletwa na chupa ya uji. Niliweka simu magotini, namba ikatulia kwenye hasi themanini na tisa, ambayo kwa lugha yetu ni kwamba unaweza kuongea na mama yako bila kupiga kelele. Wakashangilia. Walidhani wamefaulu mtihani.

Fomu yetu wakati ule ilikuwa na nafasi ya kipimo kimoja kwa kila kijiji. Ilisema: pima mahali wakazi wanapotumia simu. Nami nilikuwa nimeketi hapohapo wanapotumia simu. Chini kulikuwa na nafasi ndogo ya maoni. Nilitaka kuwasaidia, na maneno ya Sista yalikuwa bado masikioni, kwa hivyo nikaandika kwamba dispensari hutegemea simu kuita ambulansi. Nikatia sahihi. Nilipanga nikishuka nipime pia kwenye dispensari, lakini tone la kwanza la mvua lilianguka, dereva akapiga honi akihofia mto, nikakimbia.

"Utaandika?" Sista aliniuliza nikipanda gari.

"Nimeandika," nikamjibu, na nilisema kweli.

Miaka ikapita. Milingoti ikasimama huku na kule, na mimi nikawa napita Kwa Ngindu nikienda kwingine. Kila mara Sista alitoka mlangoni, mikono kiunoni. "Madam, bado?" Nikamwambia bado. Kila mwaka nilijaza ombi la kijiji chake, na kila mwaka jibu lilirudi na maneno mawili: eneo limefunikwa, yaani kwa ramani yao netiweki ipo. Nilidhani ni kompyuta imekisia tu kutoka mlingoti wa mbali, kama inavyofanya, ikipaka rangi ya kijani juu ya vilima ambavyo haijawahi kuviona. Niliwasema sana watu wa Nairobi. Niliwasema ofisini, niliwasema nyumbani, niliwasema hata kwenye maombi.

Mwaka wa nne nilimkuta Sista ameketi kwenye benchi nje, hakusimama. Alinieleza polepole. Msichana mmoja wa pale sokoni, Ndunge, alikuja na uchungu wa mimba ya kwanza, akaanza kutoka damu. Sista alikuwa peke yake zamu hiyo. Alimwachia mfagiaji amshike mkono, akapanda mwamba kuita ambulansi. Simu iliingia mara ya tatu. Aliposhuka mbio, mtoto alikuwa amezaliwa, hapumui, na mfagiaji amesimama tu na kitambaa mkononi hajui afanye nini. Ndunge alipona.

"Ningekuwa pale ningemfanya mtoto alie," Sista akasema. "Nilikuwa juu kwa mwamba nikisema halo, halo."

Nilimwambia Nairobi wana roho ngumu. Nakumbuka maneno hayo vizuri. Nilikuwa na hasira ya kweli na ilinipa raha kidogo kuwa nayo.

Baada ya hapo ndipo nilipoitwa Nairobi kwa mafunzo ya programu mpya ya ramani. Wakati wa chai nilimfuata dada anayetunza ramani, nikamwomba anionyeshe kompyuta ilikotoa ile kijani ya Kwa Ngindu. Alibonyeza, akasema, "Hii si ya kukisia. Hii ilipimwa." Akabonyeza tena, fomu ikatokea ikiwa imepigwa picha, imekunjamana pembeni mahali niliposhikia nikikimbia mvua. Hasi themanini na tisa. Dispensari hutegemea simu kuita ambulansi. Sahihi yangu.

Mimi niliandika kuonyesha shida. Aliyesoma alielewa kwamba simu ipo na ambulansi inaitwa. Simlaumu, hata mimi ningesoma hivyo.

Yule dada aliniuliza kama niko sawa. Nilimwambia chai ni ya moto. Nilikaa chooni mpaka kipindi cha mchana kikaanza.

Wiki hiyohiyo niliandika barua ya kufuta kile kipimo. Mkuu wangu wa kazi, mtu mpole asiyependa karatasi, alifunga mlango tukabaki wawili.

"Ukifuta hiki, wataniuliza vingine ulipima vipi."

"Acha waulize. Nami najiuliza."

"Madam, unajitafutia nini? Peleka ombi jipya, useme watu wameongezeka. Hiki kiache."

Nilimwambia watu hawajaongezeka, wamepungua mmoja. Akasukuma barua kwenye trei yake. Ilikaa humo karibu mwaka, na mimi nikawa ninaandika nyingine.

Mnajua kilichonikosesha usingizi? Si kijiji kimoja. Nilianza kuhesabu mahali nilipoketishwa. Kwenye kilele cha kilima kimoja kule Makueni walinitandikia mkeka. Kwingine walinipandisha juu ya tangi la maji la shule, wakanishikia ngazi. Watu wetu wakipata mgeni wanampa mahali pazuri kuliko pote walipo napo, na mahali pazuri pa kijiji kisicho na netiweki ni pale pekee inaposhika. Kadiri walivyonipenda ndivyo walivyojikosesha mlingoti. Na mimi, mtoto wa Ukambani niliyeyajua hayo yote, niliyeambiwa na Mutinda mpaka akachoka, niliketi kila mahali nilipopewa kiti.

Nilirudia vijiji vyote nilivyovipima peke yangu. Ilinichukua miaka miwili, juu ya kazi ya kawaida, mara nyingi siku za mapumziko na kwa gari la mume wangu. Nilipima mlangoni mwa shule, kisimani, ndani ya maduka. Watu waliudhika. "Madam, hapo ni kubaya, njoo nikuonyeshe pazuri," wakisema, wakinivuta mkono. Sikwenda. Mama mmoja alisema nimekuwa na maringo. Namba mbaya zilikuwa nyingi kuliko nilivyotaka.

Sista nilimweleza mapema, kabla hata barua haijatoka kwenye ile trei. Nilimkuta akiosha vyombo kwa maji ya jiki, ile dawa ya kuua vijidudu. Nilisema yote bila kupumzika. Hakugeuka mpaka nikamaliza.

"Kile kiti kilikuwa cha maternity, huko wanakojifungulia," akasema. "Ni mimi nilisema kibebwe."

"Sista, kosa ni langu."

"Najua ni lako. Nakuambia tu kiti kilitoka wapi." Akafuta mikono. "Mimi usiniletee hiyo pole. Mpelekee Ndunge. Anakaa hapo nyuma ya soko."

Nilisema nitaenda. Nilipita karibu na boma la Ndunge sijui ni mara ngapi. Mara moja nilimwona uani akipepeta mbaazi, nikamwambia dereva asisimame. Kupanda mlingoti wa mita sitini kwenye upepo sikuwahi kuogopa hivyo. Baadaye nikasikia Sista amemwandika kazi pale dispensari, mahali pa yule mfagiaji aliyehama. Basi kila nilipofika nilimkuta, ananisalimia kwa heshima, ananiletea chai, na mimi nainywa.

Kijani ilifutwa hatimaye. Kwa Ngindu kikaingia kwenye mpango wa serikali wa maeneo ambayo kampuni haioni faida. Hata hapo kompyuta ilikataa: ilisema kilima kimeziba njia ya kuungana na mlingoti wa karibu. Vijana wawili wa ramani walinionyesha mchoro wenye rangi nzuri. Nilitoa kioo cha Mutinda kwenye mkoba. Mmoja wao alipanda upande wa ule mlingoti wa karibu na darubini, mimi nikapanda mwamba uleule, peke yangu, bila kiti. Saa nne kamili nikaanza kuyumbisha. Baada ya dakika chache simu yangu ikalia, maana hapo ndipo inaposhika.

"Madam, nakuona!" kijana akapaza sauti. "Ni kama nyota!"

"Andika saa," nikamwambia. Kwenye kushuka nilikaa mara tatu.

Mlingoti ulisimama mwezi wangu wa mwisho kazini. Wakubwa walikuja, maombi yakafanywa, kwaya ikaimba, mheshimiwa akakata utepe, akapiga simu moja mbele ya kamera, akaondoka kabla ya wali. Mimi nilikuwa na kipimo cha mwisho cha kuchukua. Siku hizi fomu iko kwenye tableti na ina nafasi za kutosha. Nilipima sokoni, nikapima kanisani, nikaingia dispensari. Pale mapokezi namba ilikuwa nzuri, nikaanza kuijaza.

Ndunge alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia, ufagio mkononi. Hakuwa msichana tena.

"Injinia," akaniita. "Hapo ni kuzuri. Njoo upime huku."

Nilimfuata. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha dogo na ndoo. Nilitoa simu nikaishika kifuani, kama nilivyoishika miaka yote.

"Ndunge," nikasema, "kuna neno nilipaswa kukuambia zamani. Ile mara ya kwanza nilipokuja hapa..."

"Sista aliniambia. Ni miaka mingi sana sasa." Hakuinua sauti. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Kila mara nikikuletea chai nasema leo ataniambia."

Nililia. Sijui kwa nini niwafiche nyinyi jambo ambalo yeye aliliona. Nilimwambia yote, kuhusu kiti, fomu, mvua, na zile mara nilizopita bila kusimama. Alisikiliza akiegemea ufagio. Sikuomba anisamehe, maana niliona itakuwa ni kumpa kazi nyingine, naye hakusema kwamba amenisamehe.

Nilipomaliza aliuegemeza ufagio ukutani, akagonga godoro kwa kiganja.

"Weka simu hapa."

"Kwa kawaida tunaishika..."

"Mimi nilikuwa nimelala hapa. Sikuwa nimesimama. Weka hapa."

Niliilaza simu kwenye godoro, mahali ambapo kichwa cha mtu huwa. Tuliinama sote wawili tukaitazama. Namba ilipanda, ikashuka, ikatulia kwenye hasi sabini na tatu.

"Hiyo ni nzuri?"

"Ni nzuri."

"Basi andika. Na uandike ni wapi."

Kwenye nafasi ya maoni niliandika: imepimwa juu ya kitanda cha kujifungulia, simu ikiwa imelazwa. Nikampa tableti asome. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akarudia tena tangu mwanzo, kisha akanirudishia pamoja na simu yangu. Akanyoosha shuka pale nilipoikunja, akaenda mlangoni kumwita mama aliyekuwa akingoja kwenye benchi.